Watani Walivyozika Daraja

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na mashamba, na wakwe, na watawala wa kulisha, palikuwa na nchi mbili zilizotenganishwa na mto. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, maana kisa hiki kinanipanda kichwani kila nikikisimulia, sitaki kukatizwa.

Nchi ya upande huu iliitwa Majabali, na mtawala wake alikuwa Tembo. Nchi ya ng'ambo iliitwa Mbugani, na mtawala wake alikuwa Nyati. Katikati ulipita Mto Kivuruga.

Wakati wa kiangazi mto huo ulikuwa mpole, maji ya kifundoni, mchanga mtupu kila mahali. Lakini masika yakifika, weee! Unashuka na magogo, unashuka na mizoga, unanguruma usiku na mchana. Ukitia mguu, basi, ndugu zako waanze kukulilia.

Majabali walikuwa na chumvi na asali. Mbugani walikuwa na maziwa na mtama. Masika yote chumvi inayeyuka huku, maziwa yanachacha kule, na watoto wa pande zote mbili wanalala na njaa wakati chakula kinaoza. Kisa nini? Hakuna daraja.

"Sasa mbona hawakujenga?" Ndiyo, ulizeni! Hata mimi nauliza hivyo hivyo.

Kila mwaka, mvua zikikatika tu, Tembo alipiga baragumu. Paaaa! "Wananchi! Mwaka huu daraja! Leteni michango!"

Wananchi wanaleta asali, wanaleta mihogo, wanaleta kuni. Tembo na rafiki yake Kifaru wanakuja mtoni na ngoma. Wanaviringisha jiwe moja kubwa mpaka ukingoni. Puu! Hilo ndilo jiwe la msingi. Tembo anachovya mguu kwenye udongo mwekundu, analigonga jiwe muhuri wa unyayo wake, watu wanapiga makofi. Kisha wakubwa wanakaa kitako wanaila ile michango, wanakomba mpaka vibuyu vinalia. Wakishiba, Tembo anajipangusa mdomo na kusema, "Sisi upande wetu tumeshaweka jiwe. Tunawasubiri wenzetu wa Mbugani."

Na ng'ambo je? Nyati na swahiba yake Nyumbu wanafanya vilevile. Jiwe, muhuri wa kwato, karamu, na, "Tunawasubiri wenzetu wa Majabali."

Mwaka unaofuata, jiwe jingine la msingi. Mwaka unaofuata tena, jiwe jingine! Mawe yakajipanga ukingoni huku na huku, mijusi ikawa inaota jua juu yake. Mmeona wapi nyumba yenye misingi chungu nzima na haina hata ukuta mmoja?

Sasa, huku Majabali aliishi Pimbi. Mnamjua Pimbi? Kinyama kidogo cha mapangoni, unaweza kumtia kikapuni ukamfunika na kawa. Alikuwa na binti yake mmoja tu, Siwema, naye Siwema aliolewa ng'ambo, Mbugani.

Siwema akapata mimba. Uchungu ukamshika masika, mto umefura. Na mkunga aliyekuwa akitegemewa na nchi zote mbili alikuwa Bi Nungunungu, wa huku Majabali. Bi Nungunungu akasimama ukingoni, akapaza sauti, "Siwemaaa! Lala ubavu! Usisukume bado, mwanangu!" Mto ukaimeza sauti yake. Mtoto akafa.

Mwaka uliofuata, Siwema akapata mimba tena. Masika tena. Mkunga akasimama palepale ukingoni, akaita palepale, na mtoto akafa vilevile. Na hao waliokula asali ya daraja walikuwa wapi? Walikuwa wamelala na matumbo yao!

Naona huyu anataka kuniuliza mbona Siwema asihamie kwa baba yake mapema. Kwao mtoto huzaliwa nyumbani kwa baba yake, ndipo ahesabiwe kuwa wa ukoo. Wala mkunga asingeweza kuhamia kule masika yote, huku nako watu wanazaa. Na hata kama yeye angevuka, je, wale wengine wote wa Mbugani nao wahame? Mwenye kosa ni nani hapo, mzazi au aliyekula daraja?

Haya. Siku moja, kiangazi kinaelekea ukingoni, Chiriku akatua juu ya pango la Pimbi. Chiriku ndiye aliyekuwa akibeba habari baina ya nchi hizo mbili, maana yeye mto haumhusu.

"Mzee Pimbi, Siwema mja mzito. Anakusalimu. Anasema wa safari hii atazaliwa mvua za kwanza."

Pimbi akakaa chini. Kisha akainuka, huyo, mbio mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Umeleta mchango?"

"Nimeleta ombi. Mheshimiwa, mawe ya daraja yapo tele ukingoni. Yatieni mtoni tu, maji bado madogo. Sisi wadogo mawe hatuyawezi, lakini magogo tutakata, kamba tutasokota, juu tutamalizia wenyewe. Kazi yenu ya kutwa moja tu."

"Kutwa moja!" Tembo akacheka mpaka masikio yakapepea. "Pimbi, mambo ya nchi si kama kupika ugali. Mwakani tutaweka jiwe jingine, kubwa kuliko yote."

"Mwakani mjukuu wangu atakuwa ameshakufa."

"Wenzetu wa Mbugani hawako tayari."

"Nyati naye anasema ninyi ndio hamko tayari."

Tembo akaacha kucheka. "Ebo! Unaniita mwongo?"

Pale Majabali mtu akimjibu Tembo hukanyagwa, na akishakanyagwa wanasema alijikwaa. Pimbi akaaga, akatoka na hasira yake.

Hakwenda nyumbani. Akashuka mtoni, akavuka mchanga, akafika kwa binti yake. Akamkuta anapepeta mtama, tumbo hilo.

"Amekataa," Pimbi akasema.

"Na huku Nyati amekataa. Mume wangu alipomwambia, alitaka kumpiga pembe." Siwema akaweka ungo chini. "Baba, kama ningekuwa peke yangu na huyo Tembo, ningemweleza! Ningemwambia tumbo lake ndilo kaburi la wanangu. Na asingenifanya kitu. Mimi sasa ni mke wa Mbugani, yeye ni mtani wangu."

Pimbi akainua kichwa. "Hebu sema tena."

"Nini?"

"Tembo ni mtani wako. Na Nyati ni mtani wangu." Macho ya Pimbi yakaanza kumeremeta. "Mwanangu, sisi ni wajinga! Tunawaomba watawala wetu, wakati tungewaomba watani!"

Hapa niwaeleze, maana siku hizi watoto mnajua simu kuliko utani. Majabali na Mbugani walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana mchana kweupe na hukasiriki, ukikasirika unaonekana huna adabu. Lakini utani si matusi tu. Siku ya msiba watani ndio wabebaji, watani ndio wazikaji. Akifa wa Majabali, hubebwa na wa Mbugani. Akifa wa Mbugani, hubebwa na wa Majabali. Mtani asiyekuja kuzika, naye siku yake hazikwi, hata awe nani. Na kwao jina la maiti halikutajwa mpaka azikwe, wala maiti akishainuliwa hakuwekwa chini mpaka kaburini. Ndivyo walivyolelewa wote, wakubwa kwa wadogo.

Baba na binti wakanong'onezana mpaka mtama ukaliwa na kuku. Kisha kila mmoja akaenda kuwaamsha wanyama wadogo wa upande wake. Fuko na Mhanga wakashuka mtoni wakachimba mashimo kwenye mchanga, kutoka ukingo huu mpaka ule, yamepangana sawasawa. Panya na Kindi wakasuka majamvi. Waliobaki wakakata miti ya machela.

Siku ya siku ikafika. Chiriku akaruka mpaka kwa Tembo, analia machozi.

"Msiba, mheshimiwa! Msiba Mbugani! Watani mnaitwa kuzika!"

"Pole, pole," Tembo akasema. "Kafa nani?"

"Jina halitajwi kabla ya kaburi, mheshimiwa, unajua mwenyewe."

"Kweli, kweli. Sufuria zimeinjikwa?"

"Moshi unaonekana mpaka huku."

Tembo akamwita Kifaru, wakafunga safari, macho kwenye ule moshi, hata ukingo wa kwao hawakuutazama. Chiriku akafuta machozi, akaruka ng'ambo, akaanza kulia upya mlangoni kwa Nyati. "Msiba! Msiba Majabali! Watani mnaitwa kuzika!" Nyati naye akauliza habari ya sufuria, akamwita Nyumbu, wakatoka.

Wakakutana katikati ya mto.

"Aa, Nyati!" Tembo akapaza sauti. "Umejitwika kuni kichwani, unampelekea nani?"

"Lo, Tembo! Leo umevaa mikia miwili, mmoja mbele mmoja nyuma! Unakwenda wapi hivyo?"

"Nakuja kwenu kuwazikia. Poleni na msiba."

"Msiba kwetu? Mimi ndiye ninayekwenda kwenu kuzika!"

Wakatazamana. Tembo akakuna sikio. "Nani kafa kwangu nisiambiwe?"

"Wewe lini uliwahi kujua la kwako?" Nyati akacheka.

"Na wewe je?"

Watoto, waoneni! Wamefiwa nchini mwao, wanapewa habari na jirani! Wala hakuna aliyegeuka nyuma kuuliza kulikoni. Harufu ya pilau ilikuwa mbele, basi kila mmoja akafuata pua yake.

Tembo alipofika Mbugani alikuta umati umejaa ukingoni. Vifukizo vinafuka, ubani mtupu, pua haisikii kingine. Na chini, safu ya vitu vikubwa vimeviringishwa majamvi, kila kimoja kimefungwa juu ya machela.

"Mtume!" akasema Kifaru. "Wote hawa?"

"Ukoo mzima, mtani," Siwema akajibu. "Umekwisha."

"Nini kiliwaua?"

"Walitupwa ukingoni. Jua lao, mvua yao, hakuna aliyewashughulikia mpaka wakafa." Siwema akashika kichwa, akapiga ukelele, "Uuuwii! Uuuwii, wanangu mie!"

Kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Siwema alikuwa na wawili wa kuwalilia, na siku zile walipokufa hakuna mtawala aliyekuja hata kusema pole. Wanyama wote wakaanza kulia, na hata Tembo akajifanya kupenga kamasi.

"Haya mtani, mtakula baadaye," Siwema akasema. "Inua."

Tembo akashika mbele, Kifaru nyuma. Wakainua. Miguu ikazama ardhini, nyuu!

"Mama yangu!" Tembo akaguna. "Mzito huyu! Alikuwa akila nini?"

"Alikuwa akila mtama wetu kila mwaka, mtani. Ameshiba kama wewe."

Umati ukacheka kwa machozi. Tembo akataka kukunja uso, akakumbuka ni mtani, akacheka naye kidogo.

"Kaburi liko wapi?"

"Mtoni."

"Mtoni? Nani anazikwa mtoni?"

"Mtani, unabeba au unahoji? Umeshainua, hakuna kushusha. Au nyie Majabali hamna nguvu, mna masikio tu?"

Tembo akasaga meno. Tifu, tifu, tifu, wakashuka mchangani. Wakalifikia shimo la kwanza, maiti akatiwa ndani, tii! Fuko na wenzake wakaja mbio kushindilia mchanga na kokoto. Tembo akajipangusa jasho, akageukia sufuria.

"Wa pili, mtani," Siwema akasema.

Upande wa huku mambo yalikuwa yaleyale. Nyati na Nyumbu walikuwa wanahema chini ya machela, ulimi nje, na Pimbi amekaa juu ya jabali anawahimiza.

"Vuta, mtani! Mbona unapumua kama mvukuto?"

"Pimbi, huyu maiti ana pembe pembe, ananichoma bega!"

"Ndivyo alivyoumbwa, msamehe. Hata nyie mna pembe na tunawavumilia."

"Na kwa nini mguu wake hauonekani, wala kichwa?"

"Hakuwahi kupata miguu, masikini. Kila mwaka alikuwa azaliwe, kila mwaka akaishia msingini tu."

Nyati hakuelewa. Mwenye kushiba haelewi upesi. Akaenda, akashusha, akarudi, akabeba mwingine. Jua likapanda, jua likapinduka. Pilau inanukia, lakini kila wakigeuka, "Bado mmoja, mtani." Wakitaka kugoma, umati mzima unawazomea, "Asiyezika hazikwi! Asiyezika hazikwi!" Basi wanarudi, wanainama, wanainua.

Hata ikafika zamu ya maiti wa mwisho wa kila upande. Tembo akashuka na wake kutoka Mbugani, Nyati akashuka na wake kutoka Majabali. Mashimo mawili ya mwisho yalikuwa katikati kabisa ya mto, ubavu kwa ubavu. Wakafika pamoja, uso kwa uso, jasho linawatiririka.

"We Nyati! Unamzika nani hapa?"

"Wa kwenu! Na wewe?"

"Wa kwenu!"

"Sasa mbona makaburi yako pamoja?"

Kabla hawajajibiana, jamvi la Nyati likachanika, chwaaa! Maiti akachungulia. Jiwe! Jiwe kavu la kijivu, na juu yake muhuri mwekundu wa unyayo.

Tembo akautazama unyayo. Akautazama mguu wake. Akautazama tena unyayo.

"Hili... hili si jiwe langu la msingi?"

Nyati akapasuka kicheko. "Kwa kwa kwa! Tembo, umezikwa ukiwa hai! Wananchi wako wamekuchezea!" Akacheka mpaka akapepesuka. Halafu akatupa jicho kwenye machela ya Tembo, jamvi limelegea, na pale pembeni akaona alama ya kwato. Kicheko kikamkauka kooni.

Tembo akanguruma, maji yakatetemeka. "Nani amefanya mchezo huu?"

Siwema akashuka mchangani, taratibu, mkono umeshika kiuno, mpaka akasimama mbele ya mguu wa Tembo. Ukimtazama, hakufika hata kwenye ukucha.

"Mimi, mtani wako. Sasa marehemu amezikwa, naruhusiwa kumtaja. Marehemu alikuwa anaitwa Daraja. Alichangiwa kila mwaka, na kila mwaka ulimla wewe! Ulipomla mara ya kwanza nikazika mtoto. Ulipomla mara ya pili nikazika mwingine. Huyu wa tatu yumo humu tumboni, anakusikia. Mwambie naye asubiri mwakani! Mwambie!"

Na huku Pimbi alikuwa amesimama mbele ya Nyati, nywele zimemsimama mgongoni. "Na wewe mtani, usijifiche nyuma ya Nyumbu! Mkwe wangu alikuja kwako kuomba, ukamwelekezea pembe. Mchango wake wa mtama ulikuwa bado uko mdomoni mwako! Unasema unasubiri Majabali. Majabali ni sisi! Sisi tulikuwa ukingoni siku zote, tunakutazama unavyotafuna!"

Mnaelewa hapo, watoto? Pimbi asingethubutu kumwambia hayo Tembo, wala Siwema asingethubutu kumwambia hayo Nyati. Lakini kila mmoja alimwambia mtawala wa mwenziwe, na wakubwa wote wawili wakayasikia yao yote mchana kweupe.

"Yatoeni!" Tembo akafoka. "Kifaru, yatoe mawe yote!"

Kifaru akainama. Pimbi akapiga kelele, "Haya, fukueni! Fukueni tuone! Jamani, anayefukua kaburi anaitwa nani?"

Kutoka kingo zote mbili, sauti ikashuka kama radi, "Mchawiii!"

Kifaru akaruka nyuma, akatazama kwato zake kama zimeungua. "Mimi sigusi," akasema. "Nina watoto mimi. Fukua mwenyewe, mheshimiwa."

Tembo akaangalia huku, akaangalia huku. Umati umesimama, wa Majabali kwa wa Mbugani, hata hujui yupi ni wa wapi. Akikasirika, hana adabu. Akifukua, mchawi. Akikimbia, hazikwi. Atafanyaje? Akacheka. "Ha. Ha. Watani bwana." Nyati naye akacheka, "Ha. Ha." Kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe.

Na pilau je? Watani waliifanyia kazi, wakapewa. Walikula, tena kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikula cha jasho lao. Wadogo hawakukaa kuwatazama. Siku ileile wakalaza magogo juu ya mawe, kutoka jiwe hadi jiwe, wakayafunga kwa kamba za mkonge, wakiacha mapengo ya maji kupita. Kingoni wakapanda mikuyu, kama inavyopandwa makaburini, mizizi ishike udongo. Na kwa kuwa lile lilikuwa kaburi, kila mwaka watani wa pande zote iliwapasa waje kulifagia, kubadili magogo yaliyooza, kukaza kamba. Hata Tembo. Hata Nyati. Mnadhani walifurahi? Shauri yao.

Mvua ya kwanza ikaanza kunyesha. Kivuruga kikapanda, kikanguruma, kikayapiga mawe, vuu, vuu! Mawe hayakusogea. Maji yakapita kwenye mapengo yanatukana.

Kulipokucha, bila haya, nani wamekuja darajani? Tembo upande huu, na Nyati upande ule! Kila mmoja na ngoma zake, kila mmoja amefunga utepe kwenye daraja, kila mmoja ameshika mkasi.

"Wananchi!" Tembo akaanza. "Leo ni siku kubwa! Daraja hili ambalo mimi mwenyewe, kwa mabega yangu..."

"Pisha!"

Alikuwa Bi Nungunungu, kikapu cha ukunga mkononi, anakuja mbio kwenye matope, miiba imemsimama yote. Nyuma yake Pimbi, nyuma yake Chiriku analia, "Uchungu umeanza! Uchungu umeanza!"

"Bibi, subiri kidogo," Tembo akasema, "hotuba bado, halafu nikate utepe ndipo..."

"Nimesubiri masika mawili pale ukingoni, watoto wakafa! Pisha, nimesema!"

Hakusimama. Miiba ikampitia Tembo pajani, mkubwa akaruka kando, "Aii!" Utepe ukachanika vipande vipande, hakuna hata aliyeuona. Bi Nungunungu akakimbia juu ya magogo, ko, ko, ko, ko, mto unanguruma chini yake. Kule mwisho Nyati alikuwa ameinua mkasi. Alipoiona ile miiba inamjia, hakungoja kuambiwa. Akapisha.

Tembo akabaki na mkasi wake na hotuba yake, hakuna wa kumsikiliza, maana wananchi wote walikuwa wamegeukia ng'ambo, wametega masikio. Mvua inanyesha. Pimbi amesimama katikati ya daraja, ameshika kamba kwa mikono yote miwili, hawezi kwenda mbele wala kurudi.

Kisha kilio kikasikika. Kidogo, chembamba, lakini kilivuka mto mzima: "Ngaa! Ngaa! Ngaa!"

Pimbi akakaa palepale juu ya magogo, akalia kama mtoto. Alimlilia huyu aliyezaliwa, akawalilia na wale wawili, maana wale wangeweza kupona. Daraja lilijengwa kwa kutwa moja, watoto. Kutwa moja tu! Mawe yalikuwepo siku zote.

Hadithi yangu nimeitua hapa, wa kuibeba aibebe, na funzo lake ni hili: mkubwa akila daraja la watu, watu waungane wa ng'ambo na wa huku, wambebeshe yeye mwenyewe.